Naiti ni Nguo ya Usiku

Jumanne, 4 Juni

Siku njema! Mwalimu Arokiasamy, mwenyekiti wa chama cha mtaa wetu, amekwenda mji wa Tiruchi kumwona bintiye. Harudi mpaka Jumamosi. Namshukuru Mungu, namshukuru binti, nalishukuru hata basi lililombeba. Kwa siku nne mtaa uko mikononi mwangu. Mimi, Ponnusamy, karani mstaafu wa posta, katibu wa chama mwaka wa tisa huu. Uchaguzi wa mwenyekiti ni Jumapili, nami nagombea. Nahitaji jambo kubwa la kukumbukwa.

Nimelipata barazani, nikinywa kahawa. Kabla ya saa nne wamepita wanawake kumi na wanne, na wote wamevaa naiti! Lile gauni pana la kulalia, refu mpaka vifundoni. Maua, kasuku, madoadoa. Taulo begani kufunika kifua, basi mtu anajiona kavaa. Sokoni naiti. Kwa muuza maziwa naiti. Dada Mallika wa nyumba ya tatu alikwenda nayo mpaka mkutano wa wazazi shuleni.

Nimefungua kamusi. Vazi la kulalia la mwanamke. Neno ni la Waingereza, na kwao mwanzo wake ni usiku. Usiku! Lugha yenyewe iko upande wangu.

Jumatano, 5 Juni

Nimebandika tangazo ubaoni. Kuanzia kesho, naiti ni marufuku nje ya nyumba tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Sahihi yangu. Muhuri wa chama. Muhuri umekaa vizuri sana.

Mke wangu Vasantha amelisoma akitoka sokoni. Amevaa naiti, bila shaka. Akaniuliza nimeipata wapi maana hiyo. Nikamsomea kamusi. Akasema aliyeandika kamusi alikuwa na mtu wa kumpikia.

"Vazi la kulalia, baba Kayal? Kwani mimi nalala saa ngapi? Naamka nayo saa kumi na moja, nateka maji, nasaga, nafua, napika mara tatu. Hii ni nguo ya kazi. Nguo ya kulalia ni huo msuli wako, na unakwenda nao mpaka benki!"

Nikaifunga kamusi. Kiongozi hajibizani na kila mtu.

Jioni wanawake wamekutana kwa Dada Mallika. Nimesikia vicheko. Kisha Mallika mwenyewe kachungulia dirishani: "Katibu! Tumekubali. Sheria ni sheria."

Sikutegemea ushindi rahisi namna hii. Nashukuru sana.

Alhamisi, 6 Juni

Lori la maji limekuja saa moja. Likapiga honi. Siku zote foleni ya mitungi huwa imeshapangwa, na ugomvi umeshaanza. Leo kimya. Hakuna mwanamke hata mmoja!

Nikamwita Vasantha. Yumo chumbani, anafunga sari. Kasema kitambaa ni mita tano na nusu, mikunjo haitaki pupa. Nyumba zote ni hivyo hivyo. Na waume je? Wamesimama vibarazani, hawajui hata mitungi inakaa wapi. Dereva akaniuliza kama mtaani kuna msiba. Nikamwambia kuna sheria. Akasubiri dakika kumi, akaondoka.

Saa moja na nusu wanawake wakatoka, sari zimenyooka, maua ya asumini kichwani. Wamependeza kwelikweli. Mtaa mzima hauna tone.

Kahawa hakuna. Jirani yangu Kathiresan amenijia na povu la sabuni usoni, akaniuliza anawe kwa maji gani. Nikamjibu mabadiliko yana gharama zake. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa kitandani. Kifundo cha mguu kimevimba kama papai.

Lori lilikuja, likaondoka tena vile vile. Nikaona nafasi. Nyuma ya hekalu dogo la mungu Pillaiyar kuna kisima cha zamani. Nikiteka maji, nikayagawa nyumba kwa nyumba, nani hatanipigia kura? Sikumwambia mtu, nisije nikagawana sifa.

Kamba ilikuwa imeoza. Ilikatika nilipokuwa nimeinama. Mtungi ulitangulia, nami nikaufuata.

Maji yalinifika kifuani. Chini tope. Kila nikijaribu kunyanyua mguu, nazama zaidi. Vyuma vya kupandia vimeota kuvu, vinateleza. Yakanifika mabegani. Nikapiga kelele. Nikamwita mungu Murugan, nikamwita mama yangu, marehemu. Yakafika kidevuni. Nikawaza: Vasantha hajui hata niko wapi. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Kisha juu, kwenye duara la anga, kichwa cha Mallika. Alikuwa jikoni kwake, akasikia, akatoka mbio. Akapiga ukelele. Wakaja wengine: kumi, kumi na wawili. Vasantha mbele. Wote wamevaa naiti! Walifunga mataulo yao ncha kwa ncha, mafundo ya kuaminika, wakaniteremshia. Nikajifunga kwapani. Vasantha alinisemesha njia nzima: "Mguu hapo, baba Kayal. Polepole. Usitazame chini. Niko hapa."

Kathiresan alifika nimeshatolewa. Akasema sari moja ingetosha, ni ndefu, haina haja ya mafundo.

Mallika kamjibu: "Tungesubiri kufunga sari, shemeji, sasa hivi tungekuwa tunanywa supu ya katibu!"

Nililia mbele ya watu. Sioni aibu. Vasantha naye mikono ilikuwa imechubuka. Kanifuta tope usoni kwa upindo wa naiti yake. Maua ya manjano. Sijapata kuona nguo nzuri kama ile.

Jumamosi, 8 Juni

Tangazo nimeliondoa kwa mkono wangu, nikichechemea. Asubuhi wameniletea idli, vile vitumbua vyetu vya mvuke, mchuzi wa dengu, na kahawa kutoka nyumba tatu tofauti. Sina la kuwalipa. Nimemshukuru kila mmoja mlangoni kwake, nikarudia, mpaka Mallika akaniomba nimwache apike.

Mwalimu Arokiasamy amerudi. Ameshasikia kila kitu, tangu stendi.

Jumapili, 9 Juni

Uchaguzi. Mwalimu kura arobaini na moja. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili, sijui. Nilipomtazama Vasantha, alikuwa anashughulika sana na kamba ya kiatu cha mjukuu. Kiatu hakina kamba.

Nimebaki katibu. Hakuna mwingine anayetaka kuandika kumbukumbu za vikao. Nashukuru hata hilo.

Jumatatu, 10 Juni

Usingizi umenijia vizuri, na akili pia. Shukrani bila vitendo ni maneno matupu. Nimeandika pendekezo jipya: kuanzia mwezi ujao, kila mwanamke wa mtaa huu LAZIMA avae naiti mchana kutwa, kwa usalama wa umma. Sari ni marufuku nje, inachelewesha uokoaji. Taulo liwe la urefu uliopimwa. Rangi nimeshachagua mimi.

Nimeanza na nyumbani. Vasantha alikuwa anatoka kwenda harusi ya mpwa wake, sari ya hariri, dhahabu shingoni. Nikamzuia mlangoni, nikamwomba kwa heshima arudi akabadilishe.

Amenitazama. Amelitazama pendekezo. Ametikisa kichwa, akaondoka.

Kwetu kutikisa kichwa kuna maana nyingi. Nimechukua ile ya ndiyo.