Mtini Usiokunywa Maji

Manispaa ya Bir Louz ina furaha kuwatangazia wananchi wake kwamba tatizo la maji limepatiwa ufumbuzi. Kuanzia kiangazi hiki kila nyumba itabaki na mti mmoja wa bustani, ule wenye nidhamu kuliko mwenzake, na mwingine utang'olewa kwa heshima zote. Uchunguzi umebaini kuwa maji yanakatika kwa sababu miti inayanywa. Jambo hili aliligundua Meya mwenyewe, Bwana Mondher Ghribi, siku moja alipokuwa amekaa barazani kwake juu ya kilima, miguu ndani ya bwawa la kuogelea, akiutazama mji ulivyokauka.

Kazi ya kulinganisha miti alikabidhiwa Bwana Boubaker Laajimi, kaimu katibu wa Tume ya Ulinganifu wa Mahitaji ya Ukuaji. Boubaker alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hivi kwamba wageni walidhani Kaimu ni jina la ukoo wake. Meya alimdokeza kuwa tume ikimaliza vizuri, neno hilo linaweza kuondolewa. Tangu siku hiyo Boubaker alianza kutembea akiwa amefunga vifungo vyote vya koti, joto lisimhusu.

Bustani ya mfano ilikuwa ya Khalti Mahbouba, yaani Mama Mdogo Mahbouba, mjane aliyeishi chini kabisa ya ukuta wa Meya. Ilikuwa na miti miwili tu, mlimau katikati ya ua na mtini pembeni ukutani, kwa hiyo haikuelemea uwezo wa tume. Boubaker alifika asubuhi na kiti cha kukunja, mwavuli wa manispaa na muhuri.

"Umekuja kula au umekuja kuua?" Khalti Mahbouba alimuuliza mlangoni.

"Nimekuja kikazi, Khalti."

"Basi kula kwanza, mwanangu. Kazi zenu hazijawahi kuwa na haraka."

Akamletea briki, sambusa pana ya yai na samaki, imekaangwa mpaka inalia mdomoni, na kipande cha limau pembeni. Boubaker alikamua limau la mtuhumiwa juu ya briki, akala, akajilamba vidole, kisha akaridhika kwamba hakuna mgongano wa maslahi kwa kuwa chakula kilikuwa kimekwisha.

Uchunguzi ulianza rasmi. Mlimau ulionekana mapema kuwa na tabia ya kudai. Ulitaka maji kila baada ya siku chache, ulitaka samadi, ulitaka kukingwa na upepo wa baridi, na ulipocheleweshewa huduma ulikunja majani yake, kitendo ambacho tume ilikitafsiri kuwa ni mgomo. Ulizaa mwaka mzima bila kufuata kalenda ya serikali. Khalti Mahbouba aliumwagilia maji aliyooshea mboga na mchele, na siku ambazo bomba halikutoa hata tone, aliugawia maji yake ya kunywa, yeye akabaki na chai moja tu mpaka jioni.

Mtini ulikuwa na maadili mengine kabisa. Haukupandwa na mtu. Ndege aliuleta, ukaota kwenye kifusi na mawe ambapo hata mbigili ilisita. Haukutaka samadi. Wakati wa baridi ulipukutisha majani yote wenyewe, na Boubaker akaona huko ni kubana matumizi bila kusubiri waraka. Khalti aliapa kuwa hajawahi kuumwagilia hata kikombe. Na bado, katika kiangazi kile ambacho hata mbwa walibweka kwa zamu ili wasikaukwe koo, mtini ule ulikuwa na majani mapana ya kijani, na tini zake zilijaa mpaka zikapasuka na kutoa asali.

Meya alipoletewa matokeo alikaribia kulia. Alisema huyu ndiye mwananchi aliyekuwa akimtafuta tangu aingie ofisini, asiyeomba wala kulalamika na bado ananawiri. Akaamuru mtini ujengewe mnara wa marumaru, Mkuu wa Mkoa aalikwe, na mlimau ung'olewe mara tu baada ya hotuba, wakati bendi ingali inapiga.

Boubaker mwenyewe ndiye aliyempelekea Khalti Mahbouba habari hiyo. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri juu ya mageuzi na kujitolea, lakini yalimkwama. Mama yule aliwahi kumlisha yeye na nusu ya watoto wa mtaa.

"Marehemu mume wangu aliupanda siku tuliyohamia hapa," Khalti alisema. "Nyumba haikuwa na mlango bado. Nikamwambia Tahar, weka mlango kwanza. Akasema mlango hauna harufu. Sasa niambie, Boubaker, nikiamka asubuhi nifungue dirisha ninuse nini? Muhuri wako?"

Boubaker alijibu kuwa suala la harufu halimo katika hadidu za rejea. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akasimama peke yake, maana macho yalikuwa yanamwasha, na safari hii hakuweza kulisingizia vumbi.

Siku ya sherehe ua ulijaa. Mkuu wa Mkoa, mama mmoja mnene mpole aliyeitwa Bi Radhia Makhlouf, alikaa mbele akijipepea kwa ratiba. Wafanyakazi wawili wenye misumeno walisimama kando ya mlimau, na Khalti Mahbouba alisimama kati yao na mti, mgongo kwenye shina. Meya aliuhutubia mtini kwa muda mrefu. Alipomaliza alivua koti, akabaki na mshipi wa cheo kifuani, akachukua sururu ili achimbe msingi wa mnara kwa mkono wake mbele ya wapiga picha.

Pigo la kwanza lilikata mizizi. Pigo la pili lilitoa mlio wa ajabu, na maji yakaruka juu kuliko ukuta, yakamwosha Meya kuanzia upara mpaka soksi. Bendi ilinyamaza. Halafu umati wote ukakumbuka ndoo.

"Ni nini hiki?" Bi Radhia aliuliza.

Meya alifuta uso. Mji mzima ulikuwa kwenye mgao, na mgao huo aliutia sahihi yeye.

"Chemchemi, Mheshimiwa," alisema. "Mtini wetu umefichua chemchemi."

Boubaker, mtu wa usahihi, alipiga magoti akachungulia shimoni. Mizizi ya mtini ilikuwa imelikumbatia bomba jipya la buluu kama mtoto na chupa yake, na bomba lilielekea moja kwa moja kilimani.

"Mheshimiwa Meya," aliuliza kwa unyenyekevu, "chemchemi ina koki. Niandike pamoja na koki?"

"Andika chemchemi."

Wakati huohuo, kutoka barazani juu ya ukuta, sauti ya mke wa Meya iliteremka ikiwa wazi kabisa. "Mondher, njoo uangalie. Bwawa limeacha kujaa."

Bi Radhia aliinua macho barazani, akayashusha polepole ukutani mpaka shimoni, akaendelea kujipepea.

"Hongera, Meya," alisema. "Chemchemi ni mali ya umma. Kuanzia leo ni ya mtaa huu, na mtu yeyote asiiguse. Na mtaa wenye chemchemi sioni sababu ya kung'oa mti wake. Nyie wenye misumeno, nendeni nyumbani. Tumpigie Meya makofi."

Makofi yalipigwa kwa moyo wote. Meya naye alipiga, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama. Khalti Mahbouba alikaa chini pale pale penye shina la mlimau, akalia bila kujificha, na maji yalipotiririka yakamfikia miguuni hakuyakwepa.

Kabla ya jua kuzama mtaa ulimchagua Khalti Mahbouba asimamie foleni ya maji. Meya alimtuma mtumishi wake, lakini mtumishi alikuta nafasi nzuri akaanza kuchotea watoto wake. Hivyo Meya alishuka mwenyewe na madumu mawili, akapita kando ya watu wote akisalimia kushoto na kulia, mpaka mbele kabisa.

"Karibu, Meya," alisema Khalti Mahbouba. "Panga foleni, baba."

Akamwonyesha kwa kidole ilipoishia. Foleni ilikuwa imepanda kilima chote, na mtu wa mwisho alikuwa ameegemea geti la Meya.