Diski Pacha za Ukumbi wa Malouf

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimetoa ahadi mbele ya watu ishirini na wawili. Kwa hiari yangu. Hakuna aliyenisukuma.

Ilikuwa hivi. Jumuiya yetu ya Programu Huria hapa Sfax haina mwenyekiti tangu yule wa zamani ahamie Bizerte. Uchaguzi ni Jumamosi, siku ileile ya Sherehe ya Kusakinisha, ambapo watu huleta kompyuta zao, sisi tukaziwekea mfumo huria, na wote tukala. Wagombea ni wawili. Mimi, Lotfi Trigui, mfasiri wa mwongozo wa kusakinisha kwa Kiarabu. Na Nejib Ellouze, daktari wa meno, ambaye sifa yake kubwa ni kuleta vikeki vya lozi kila mkutano na kutabasamu. Meno yake ni mazuri, sikatai.

Bi Sihem, mwenye ukumbi wa muziki wa malouf tunamokutania, alisema kompyuta ya ukumbini inahitaji mfumo mpya. Ina diski mbili pacha: kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Humo mna rekodi za mazoezi yote ya marehemu mumewe, Moncef. Nyimbo mia sita na kumi na mbili. Hazipo mahali pengine duniani.

Nejib akasema diski za namna hiyo zina mambo yake, tusome kwanza. Tusome! Nikasimama. Nikatangaza kwamba nitaifanya kazi hiyo mimi, ikamilike ifikapo Jumamosi, diski zikiwa pacha vilevile na nyimbo zikiwa salama. Nikihitaji msaada wa mtu yeyote, kura yangu nitampa Nejib. Makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Nejib. Ana nini huyu?

Jumatatu, 7 Aprili

Saa tisa alasiri nilikuwa ukumbini na mwongozo wangu, kurasa arobaini, tafsiri yangu mwenyewe. Kisakinishi kikaonyesha diski mbili zenye ukubwa sawa. Nilitarajia kuona moja, maana ni pacha. Nikafungua sura ya sita. Kimya. Kama mwongozo hausemi kitu, basi hakuna tatizo.

Nikachagua diski ya pili. Kikaniuliza kama nina hakika, kwani kila kilichomo kitafutwa. Nikabonyeza Ndiyo. Pacha wake si yupo? Nitawapatanisha baadaye. Dakika kumi na tisa, kazi imekwisha. Sikuiwasha tena kuijaribu. Fundi anayejaribu kazi yake hajiamini.

Nyumbani Mama akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia anaongea na mwenyekiti. Akasema basi mwenyekiti atoe takataka.

Jumanne, 8 Aprili

Saa kumi nilifika na mashahidi watatu, wapiga kura wote. Nikawasha. Ukatokea mfumo wa zamani! Na picha ya paka wa Bi Sihem. Nyimbo zote zipo. Kazi yangu ya jana haipo, hata alama. Hayet, mwalimu wa hisabati, akaniuliza taratibu: “Bwana Lotfi, una hakika ulikuja jana? Au uliota?”

Sikuota. Ni Nejib. Ushahidi: kliniki yake iko hatua mia mbili kutoka ukumbini. Ushahidi wa pili: nilipopita alikuwa ametulia. Mtu asiye na hatia huwa na wasiwasi.

Nikarudia kazi yote. Diski ya pili, Ndiyo, dakika kumi na tisa. Safari hii, kabla ya kutoka, nilinyunyiza unga wa ngano kuanzia mlangoni hadi kwenye kompyuta. Kilo nzima. Mtego safi kabisa.

Jumatano, 9 Aprili

Nyayo!

Ndogo, za kiatu cha kike chenye kisigino. Kutoka mlangoni hadi kwenye kompyuta, kisha jikoni, kisha kurudi. Kwenye kioo cha kompyuta, paka yuleyule ananitazama.

Nejib anavaa namba arobaini na nne. Kwa hiyo alivaa viatu vya dada yake. Mtu mwenye hila za kiwango hiki hafai kupewa hata ufunguo wa choo.

Bi Sihem akaja kuuliza nani amemwaga unga, maana nusura avunjike kiuno. Nikamnong’oneza amchunge Nejib. Akasema hakuna anayeingia asubuhi ila yeye, saa mbili kamili, kuiwasha kompyuta hiyo kabla wasichana wa fidla hawajaja kwa mazoezi. Nikamwambia basi huyo mtu huja kabla ya saa mbili. Akanipa ufagio.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewaandikia watengenezaji wa kisakinishi. Kichwa cha habari: HUJUMA. Nimeeleza kila kitu, nimeambatisha picha tano za nyayo, na nimedai waongeze ulinzi dhidi ya madaktari wa meno.

Jibu lilifika baada ya dakika arobaini, kutoka kwa mama mmoja aitwaye Ludmila, wa mji wa Brno. Alianza kwa kusema nyayo ni nzuri sana. Kisha akasema hakuna hujuma. Anayeziunganisha hizo diski ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Kisakinishi kisipoambiwa, hakijui kwamba ni pacha. Kinaona wageni wawili waliofanana sura. Mimi niliandika juu ya mmoja. Asubuhi mfumo wa zamani ulipowashwa, ukakuta pacha hawalingani, ukamwamini wa kwanza, ukamnakili juu ya wa pili. Ulifanya kazi yake kwa uaminifu.

Dawa ni neno moja tu la kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kisakinishi. Limeelezwa kwenye mwongozo, sura ya sita, baada ya picha, ndani ya kisanduku chekundu. Akauliza ninatumia toleo la lugha gani, maana huenda mfasiri aliiruka aya hiyo.

Nikafungua la Kiarabu. Picha. Baada ya picha, sura ya saba.

Nimekumbuka. Mkesha wa Idi. Aya ilikuwa ndefu, na Mama aliniita nikoroge charmoula, mchuzi wa kulia samaki wa chumvi. Vitunguu na zabibu kavu havimsubiri mtu. Niliporudi nikaanzia sura ya saba.

Nimemjibu Ludmila kwamba nitazungumza na mfasiri huyo kwa ukali.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpango mpya. Simwambii mtu. Kesho nitaliandika lile neno mbele ya wote, diski mbili zitageuka moja, na watu watapiga kelele. Nimefanya mazoezi ya kuliandika juu ya meza ya jikoni, bila kutazama vidole. Mama ameuliza kama nina homa.

Halafu kampeni. Nimegawa charmoula iliyobaki ya Idi, chupa saba kwa wapiga kura saba. Hayet alipiga simu baada ya chakula cha mchana kusema hajawahi kula nzuri kama hiyo, na kura yake atampa Mama.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukumbi ulijaa kufikia saa nne. Nikakohoa. Nikaandika neno. Kisakinishi kikafikiri kidogo, kisha kikaonyesha diski moja. Moja! Watu wakapiga kelele kama nilivyopanga. Hayet akapiga vigelegele. Kikauliza kama nina hakika, kwani kila kilichomo kitafutwa. Nikanyoosha kidole kuelekea Ndiyo.

Nejib akanishika kiganja. Kwa upole, jinsi anavyowashika wagonjwa.

“Lotfi ndugu yangu, zile nyimbo umezinakili wapi?”

Sikuwa nimezinakili popote. Nikaielewa wiki yangu yote kwa mara ya kwanza. Mara mbili nilifuta diski, na mara mbili yule pacha mkaidi alizirudisha nyimbo mahali pake. Sasa pacha wote wawili walikuwa chini ya kidole kimoja, na kidole kilikuwa changu.

Bi Sihem akakaa chini. “Lotfi,” akasema. “Nyimbo za Moncef.” Siku zote huniita Bwana Lotfi.

Nejib akafungua mkoba wake akatoa diski tupu. Alikuwa anatembea nayo tangu Jumapili, akingoja nimwombe. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Uliapa hutaki msaada wa mtu. Ningekuvunjia kiapo?”

Basi nikamwomba. Kunakili kulichukua saa mbili na dakika kumi. Tulikula kuskusi ya samaki, vikeki vya lozi na charmoula. Kisha Nejib akanirudishia kiti, akasema Ndiyo ni yangu, nibonyeze. Dakika kumi na tisa. Tulizirudisha nyimbo, nikafungua ya kwanza. Moncef akakohoa, akasema “Haya, tuanze tena, na safari hii pamoja,” fidla zikaingia. Bi Sihem alicheka huku akifuta machozi. Wasichana wakachukua fidla zao wakamfuata Moncef. Hayet alicheza akiwa amekumbatia kompyuta ya mtu. Hata mimi nilicheza, na mimi magoti yangu hayataki.

Kura: Nejib ishirini na moja, ikiwemo yangu. Mama moja. Mimi moja. Nejib ameniambia hiyo moja ni yake.

Tendo lake la kwanza kama mwenyekiti: amenipa usimamizi wa tafsiri yote ya Kiarabu. Nilipomsimulia Mama alisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kisha akanipakulia tena.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetafsiri kisanduku chekundu cha sura ya sita. Saa nzima. Nimemtumia Ludmila. Amejibu kwamba kazi ni safi, na anafurahi kwamba jumuiya imepata mfasiri mpya makini kuliko yule wa kwanza. Nimemshukuru kwa niaba yake.

Sasa niko sura ya nane. Humo mna kisanduku kingine chekundu, kirefu kuliko cha kwanza, kuhusu kunakili kila kitu mahali pengine kabla ya kubonyeza Ndiyo. Mtu aliyefika sura ya nane tayari anajua mambo hayo. Na Mama ananiita, samaki wanaungua.

Nimeanza sura ya tisa.