Programu ya Dhahabu na Mkulima wa Kibuta

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Shikamoo kaka Tito. Bwana asifiwe. Habari za huko Same? Goti limetulia? Sisi huku Kibaha hatujambo, Mungu ni mwema. Ulisema siri haikai kwenye simu yangu, watoto wote wanaisoma. Kweli. Basi nitaandika daftarini, kila siku kidogo, kisha nitampa kondakta wa basi akuletee. Usimwambie shemeji yako, mama Neema.

Jambo lenyewe: klabu yetu ya sataranji hapa Maili Moja inatafuta kocha. Wagombea tumebaki wawili. Mimi, na Godbless, kijana wa ofisini mwenye miwani na maneno. Mwenyekiti wetu, mama Laurensia, mwalimu mstaafu, ametangaza kwamba kocha lazima awe na programu ya kompyuta ya kufundishia. Ya kitaalamu, siyo ya kuchezea watoto. Halafu Nane Nane tunacheza na Kisarawe. Atakayeng'ara huko ndiye kocha.

Kocha Onesmo! Kaka, miaka ishirini na mbili ni mtunza stoo kiwandani Zegereni, na jina langu ni "we mzee wa stoo". Nalitaka hili. Nimelifungia na kuliombea siku moja. (Nilikunywa chai tu, na andazi.)

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeipata! Kariakoo, ndani ya boksi lenye simba aliyevaa taji. Kwenye kioo cha kompyuta, kete za dhahabu tupu. Ubao unazunguka wenyewe. Ukila kete, radi inapiga. Ukishinda, sauti ya mama mmoja mpole inasema wewe ni bingwa.

Nimeshinda mara tisa mfululizo. Ya kumi nilikuwa nasinzia. Nikashinda.

Mama Neema alisimama mlangoni na mwiko, akatazama. Akasema, Baba Neema, mashine inayokuachia ushinde kila siku siyo mashine hiyo, ni mke mwenye huruma. Nikamwambia haya mambo ni ya kitaalamu. Akarudi jikoni anacheka peke yake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipeleka klabuni. Watu wakajaa! Radi ilipopiga, mzee mmoja alimwaga kahawa yake.

Godbless hakucheka. Akaniuliza kama inahifadhi michezo yangu. Nikasema inahifadhi ushindi. Akauliza kama inachambua, inakuonyesha hatua uliyokosea. Nikasema haijawahi kutokea nikakosea. Akauliza nimeiweka ngazi gani. Ngazi! Kumbe kuna ngazi. Akaminyaminya, tukaona: "Mgeni kabisa".

Basi akageuka kwa mama Laurensia kama wakili. Eti hii ni ya biashara tu. Eti kuuzwa hakuifanyi kitu kuwa cha kitaalamu, hata soda inauzwa. Nikamjibu kwamba kwenye boksi wameandika wenyewe "ya wataalamu", tena kwa herufi za kung'aa. Yeye nani awabishie wenye kiwanda?

Mama Laurensia akasema Nane Nane itaamua.

Bwana nisamehe, nilimwombea Godbless mafua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejiandaa. Nimeshinda mara kumi na nne, ngazi ile ile. Kuipandisha ni kujivunjia moyo bure.

Kisha nikafanya kazi yangu ya ukatibu: nikaandika michezo yangu mizuri kwenye grupu la klabu, hatua kwa hatua. Nafanya hivyo tangu mwaka juzi. Wenzetu wa Kisarawe wamo humo pia, kwa ujirani mwema. Acha waone, waogope.

Godbless amepona mafua ambayo hakuyapata.

Ijumaa, 8 Agosti

Ee Mungu wangu.

Tulianza baada ya swala ya Ijumaa, ukumbini Kisarawe. Nikapangiwa bi Mwanamvua, mama wa miaka sitini na zaidi, mkulima wa muhogo kutoka Kibuta. Kucha bado zina udongo. Nikasema moyoni, Bwana amemtia adui mkononi mwangu. Nikamwamkia. Akaitika marahaba mwanangu, habari za safari, huku anamsogeza farasi.

Hatua ya kumi na moja akamtishia askofu wangu. Kaka, wewe unanijua. Mimi ni mzee wa kanisa. Kete ile ina jina lile, siwezi kuitoa ikaliwa hivi hivi mbele za watu. Nikamwokoa. Akamla malkia. Watu wakapiga kelele: "Mzee, mwache askofu aende mbinguni!" Akamtishia askofu wa pili. Nikamwokoa naye. Hatua ya kumi na tisa mfalme wangu hakuwa na pa kwenda, ila maaskofu wote wawili walikuwa wazima.

Siku ya wakulima, mkulima amenivuna.

Baadaye nikamwomba anionyeshe siri. Akafungua kompyuta kuukuu iliyofungwa mpira wa baiskeli. Programu yake haina dhahabu. Haina radi. Ubao wa rangi mbili, mistari, namba. Na anaipata bure! Ndani kuna sehemu imeandikwa ONESMO KIBAHA. Michezo arobaini na mmoja. Yote niliyoiandika kwenye grupu kwa mkono wangu! Akabonyeza, ikahesabu: mara thelathini na nane nimetoa kitu kikubwa kumwokoa askofu.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Ile yangu imetengenezwa ili mnunuzi afurahi. Hii ni ya mtu aliyeifanya sataranji kuwa kazi yake: inakumbuka kila mchezo, inamchunguza mpinzani kabla hamjakaa, inakuambia umekosea wapi hata kama hukuuliza. Kulipia na kutolipia siyo hoja, mwanangu.

Akanifungashia muhogo. Mtamu sana, mama Neema amesifu.

Jumapili, 10 Agosti

Godbless ndiye kocha. Alipata sare. Mama Laurensia ametangaza nje ya kanisa, mbele ya kwaya. Godbless akanishika bega, akasema angependa niwe mwanafunzi wake wa kwanza. Nikasema amina.

Lakini ibada nzima nilikuwa natafakari, na mahubiri yakiendelea nikafunuliwa. Bi Mwanamvua kasema nini? Ya kitaalamu ni ya mtu ambaye sataranji ndiyo kazi yake. Basi programu yangu haina kosa lolote! Kosa ni stoo. Nikiacha kazi kiwandani, sataranji itakuwa kazi yangu, na boksi lile litakuwa la kitaalamu siku hiyo hiyo. Godbless bado ana ofisi yake, kwa hiyo yeye ni kocha wa biashara tu. Utasema bi Mwanamvua analima. Kaka, ule muhogo ni wa kuzugia.

Maaskofu siwatoi. Hilo tusilijadili.

Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, nitaikabidhi kwa meneja Jumatatu ya tarehe 18. Mama Neema sijamwambia, nataka kwanza nisikie neno lako. Tafadhali nijibu mapema.

Mdogo wako, Onesmo.