Seva ya Baltazari na Mtamba wa Guta

Haya, nitegulieni hiki, na msikimbilie kunipa mji, maana Musoma ninayo tayari. Mwenye nyumba kalala, kaamka. Nyumba ni ile ile, kitanda kile kile, lakini wageni wake wote wanabisha hodi pasipo mtu. Ni nani huyo?

Tafuneni taratibu. Gody yeye alilijua jibu, na kwa jibu hilo alikula Musoma, akala Bunda, akashushia Butiama.

Gody alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwenye meza ndogo mkabala na duka la Mzee Baltazari, muuza mbegu na dawa za mifugo. Mikono yake ilijua kidogo. Mdomo wake ulikuwa umemaliza chuo. Alichokosa ni ng'ombe mmoja. Alikuwa akimposa Pelagia wa Butiama, na baba wa binti, Mzee Mniko, alishasema: mahari imebaki mtamba mmoja, jike zuri ambalo halijazaa. Mtamba asipofika zizini kwake kabla ya mavuno, Pelagia ataolewa na mwenye mashine ya kusaga wa Nyamuswa. Mwenye mashine ana unga mpaka kwenye nyusi, lakini ng'ombe anao.

Basi Jumatatu moja Gody akaona foleni ya Baltazari imemwagika mpaka barabarani. Fursa haina harufu, ila huyu aliinusa.

"Kuna nini, dada Hilda?" akamuuliza keshia.

"Programu ya mauzo imegoma. Inaandika imeshindwa kuunganika. Bunda hivyo hivyo, Butiama hivyo hivyo."

"Intaneti ipo?"

"Ipo, mbona simu yangu inacheza video."

"Na seva?"

"Imewaka. Mzee aliizima Jumamosi, leo asubuhi nimeiwasha."

Moyo wa Gody ukapiga makofi. Seva hiyo, kompyuta inayotunza bei za maduka yote matatu, haikuwa Musoma. Baltazari aliikodi kwa watu wa mbali, akaambiwa iko mawinguni, na tangu siku ile mawingu yakitanda alikuwa akitoka nje kuikagua. Ililipiwa kwa saa inazokaa macho, naye ni mtu wa kupima chumvi kwa ukucha. "Jumapili hatuuzi," alisema, "sasa yenyewe inakula ya nini?" Akaizima.

Gody akaingia, akaweka sikio kwenye kompyuta ya Hilda kama mkunga anayesikiliza mimba. Akatikisa kichwa.

"Mzee, hii imeshtuka."

"Imeshtushwa na nini?"

"Seva yake imelazwa bila kuagwa. Tokeni nje wote. Inapotibiwa haipendi kuonwa."

Walipotoka akaandika tarakimu chache, basi. Kisha akakaa akila karanga za Hilda mpaka zikaisha, akajinyunyizia maji ya chupa usoni, akafungua mlango akijifuta jasho. Programu ikafunguka. Akapelekwa Bunda kwa mafuta ya mzee, akapelekwa na Butiama, ambako tiba ilichelewa kidogo kwa kuwa Pelagia anauza maandazi mlango wa pili.

"Kijana," Baltazari akamuuliza jioni, "hebu niambie. Nikizima na kuwasha, kinachobadilika ni nini?"

"Mzee, swali hilo watu wanalisomeaga miaka."

Jumatatu iliyofuata, hivyo hivyo. Na iliyofuata. Baltazari hakuacha kuzima, Gody hakuacha kutibu, maana fundi anayeponya kabisa hulala njaa. Leo seva imepatwa na kijicho cha jirani, kesho imepigwa na upepo wa ziwa. Mzee akaendelea kuuliza swali lake, na Gody akaendelea kuliruka kama dimbwi.

Mavuno yakakaribia. Gody akakohoa kwa heshima.

"Mzee, tiba ya kudumu ipo. Ila haitaki noti. Inataka mtamba."

"Mtamba tu? Nenda zizini kwangu Guta. Kuna mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Mchukue. Tiba utaileta Jumatatu."

Sasa ninyi mnaojua watu, mchoyo akitoa upesi hivyo, hamuulizi alichotoa ni cha nani? Gody hakuuliza. Alimswaga mtamba kwa miguu yake mwenyewe, na alipofika Nyamuswa akampitisha makusudi mbele ya ile mashine ya kusaga, taratibu, kisha akarudi akampitisha tena.

Jumamosi akaingia uani kwa Mzee Mniko na koti la kuazima na mjomba wa kumsemea. Wazee wamekaa. Na kwenye kiti chenye mto, kibuyu mkononi, amekaa Mzee Baltazari.

Tabasamu la Gody lilibaki, ila meno yalipoa. Kabla mjomba hajafungua kinywa, mtamba akaponyoka kamba, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mniko, akamlamba mkono.

"Nyota," akasema Mniko, "umerudi?"

Kwetu Mara ng'ombe huwekeshwa kwa rafiki. Anayemtunza atakunywa maziwa akizaa, lakini mwenyewe ni mwenyewe. Nyota alipelekwa Guta akiwa ndama, majani ya Butiama yalipokauka.

"Kijana," Mniko akasema, "unaoa binti yangu kwa ng'ombe wangu?"

Mlangoni Pelagia alijifunika uso kwa khanga. Kama alikuwa analia au anacheka haikujulikana. Mabega ndiyo yalikuwa yanaruka.

"Mzee Baltazari," Gody akasema kwa sauti nyembamba, "umenipa ng'ombe wa mtu."

"Mniko ni rika langu, kila siku ananidai nimrudishie ng'ombe wake. Gari la mifugo ni ghali. Nikaona kijana ana miguu, na njia ya huku anaijuaga."

Wazee wakacheka mpaka kiti kimoja kikaachia mguu.

"Ila mimi si mbaya," Baltazari akaendelea. "Guta ninaye mtamba wangu mwenyewe, mweusi. Namtoa leo mbele ya wazee hawa, mahari iishe. Unijibu swali langu tu."

Gody akapima. Akijibu, Jumatatu zake zote zimekufa, na karanga za Hilda pamoja nazo. Asipojibu, binti anakwenda Nyamuswa.

Pelagia akashusha khanga. "Gody, mjibu mzee. Unga unanipaga chafya."

Gody akavua lile koti la kuazima.

"Anwani, mzee. Seva ni ile ile, ila ikizimwa na kuwashwa inapewa anwani mpya, na maduka yako yanabisha hodi kwenye ile ya zamani. Iombee anwani isiyobadilika, kisha uizime hata kila usiku."