Mayai Manne ya Keki ya Kijiko

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu Kijiko anatimiza miaka saba Jumamosi. Ameomba keki ya marehemu bibi yake. Ninayo karatasi ya mapishi: mayai manne, mwandiko wa mke wangu, alama ya kidole chake chenye siagi pembeni. Naitunza kuliko hati ya nyumba.

Kikwazo ni karatasi nyingine, iliyobandikwa kwenye jokofu. Kijiko alipokuwa na mwaka mmoja alitoka vipele. Akapimwa damu. Jibu: mzio wa mayai, chanya. Hajaonja yai tangu hapo. Karatasi inalindwa na Mwalimu, bibi yake mzaa baba, aliyestaafu kazi lakini si ukali. Nikamwambia vipele vile vilikuwa vya joto. Akaniuliza udaktari nilisomea wapi.

Jumanne, 4 Machi
Akili imenijia! Nitatoa damu yangu kwa jina la Kijiko. Mimi hula mayai mawili kila asubuhi. Jibu litakuwa safi, nitabandika karatasi mpya. Maabara nikaandika umri: miaka 7. Mpimaji akatazama mvi zangu, akaongeza sifuri kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mayai: chanya. Mimi! Nimeificha karatasi chini ya godoro.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu alikuja kubadilisha mashuka. Nani alimtuma? Akasoma jina la mjukuu, umri miaka sabini. Nikaburutwa kwa daktari kama mtoro.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza nikila mayai nasikiaje. Nikasema nashiba. Akasema ndiyo hivyo: damu huonyesha mwili umelitambua yai, haithibitishi kwamba ukilila utaugua. Kisha akauliza Kijiko alipata vipele baada ya kula nini. Mwalimu akakohoa. Akakiri Kijiko alikuwa ametoka kuugua homa. Yai hakuna aliyelikumbuka. Daktari akasema kesho Kijiko atakula yai palepale kwake, kidogo kidogo, dawa zikiwa tayari. Akanionya nisithubutu kumjaribia nyumbani. Nikaapa.

Ijumaa, 7 Machi
Kipande cha yai cha ukubwa wa punje. Tukasubiri. Kipande cha ukubwa wa ukucha. Tukasubiri. Muuguzi alitazama ngozi, Mwalimu alitazama saa. Mimi nilimshika Mwalimu mkono. Yeye anadai ndiye aliyenishika. Yai zima likaisha. Hata kipele kimoja hakikutoka! Kijiko akauliza kama kuna chumvi.

Jumamosi, 8 Machi
Keki imeungua chini kidogo, kama ya mke wangu. Wote wamekula. Mimi nilikataa: karatasi yangu inasema chanya! Mwalimu akasema nina kichwa cha jiwe, si nimekula mayai miaka sitini? Kijiko akanikatia kipande cha punje, akaazima saa ya Mwalimu, akaniambia, "Kula tu Babu, mimi nakuangalia."

Nikala. Ladha ileile. Dakika haikuisha, macho yakaanza kutiririka. Mwalimu akageuka, akajifanya anafuta meza.

Jumatatu narudi maabara mapema kupimwa tena. Yale machozi hayakuwa bure. Ni mayai tu yale.