Kuvu ya Noeline

Jumatatu, 3 Juni
Mvua, siku ya tisa. Mji mzima wa Hokitika unanuka soksi. Nilikwenda nyuma ya banda kutafuta kuni, nikakuta gogo la mti wa mahoe lililokufa. Juu yake kuvu ya buluu, imetanda kama rangi, laini kama mahameli. Ajabu! Lazima ni aina mpya. Itapewa jina la Noeline. Mke aliyepewa kuvu yake mwenyewe atabakije kwa dada yake? Aliondoka Januari. Alisema wiki mbili.

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia simu mtaalamu wa kuvu, Daktari Keepa. Atakuja Jumamosi. Gogo nimeliingiza ndani, kando ya jiko, lisiharibiwe na mvua. Jirani yangu Raewyn Tuffery, mwenyekiti wa chama cha wapenda misitu, alichungulia dirishani. Akaniuliza: “Neville, gogo linaota moto, na shati lako linanyeshewa kambani?” Nikamwambia ashughulike na kuku wake. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba! Kuvu imekauka. Imefifia, rangi ya majivu. Nimeinyunyizia maji. Nimeinyunyizia chai. Wapi! Nikakumbuka kopo la rangi ya buluu ya geti. Brashi ndogo, mkono mtulivu. Kusema kweli, imependeza kuliko alivyoiumba Mungu.

Jumamosi, 8 Juni
Daktari Keepa alikuja na lenzi yake. Raewyn alikuja bila kualikwa. Daktari aliinama muda mrefu, akakwaruza kwa ukucha. “Mzee wangu, hii ni rangi.”
Akakwaruza tena. Chini yake ilikuwepo kuvu halisi. Si mpya, akasema, inajulikana tangu zamani. Ilikuwa imelala tu. Ningeirudisha kwenye unyevu, ingeamka. Sasa rangi imeiua. Alisema kwa upole, kama anayewapa ndugu habari za mgonjwa.
Raewyn hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 9 Juni
Noeline amepiga simu! Raewyn alikwisha kumweleza yote. Noeline alicheka hadi akakohoa. Sijausikia mcheko ule tangu Krismasi. Kisha akasema: “Neville, si ungesema tu, ‘Noeline, rudi’? Maneno mawili.”
Nikamwambia aliyepaka rangi ni Raewyn.
Akakata simu.
Nimewaza mchana kutwa. Kwanza, ameniita kwa jina langu. Dalili njema. Kesho nitamwandikia kwamba naumwa sana. Ugonjwa bado sijauchagua.