Filamu Isafishwe Leo Leo

Jumatano, 8 Agosti 1956
Leo nimeahidi jambo kubwa. Mzee Shomari, mpiga tarumbeta wa bendi yetu ya Kariakoo, anapiga Jumapili kwa mara ya mwisho. Wiki ijayo anapanda meli kurudi kwao Lindi. Miaka kumi na tisa hapa mjini, na hana picha hata moja akiwa na tarumbeta mdomoni! Binti yake, Mboni, haamini barua zake. Watu wamemwambia baba yake anafagia soko. Mzee alinieleza haya huku akilifuta tarumbeta lake. Nikajikuta nimemwambia mimi ni mpiga picha, na picha ataipata.

Uongo mdogo tu. Nafanya kazi katika studio ya Bwana Devendra. Nawachana wateja nywele, nashikilia pazia lenye maporomoko ya maji. Kamera nimekatazwa kuigusa.

Ijumaa, 10 Agosti
Balaa. Ukumbi wa dansi la Jumapili una mpiga picha wake, Ignasi. Ana taa ya kumulika na kiatu cha rangi mbili. Nilimsalimia kwa adabu zote. Akaniuliza kama nimekuja kupanga viti. Nimemchukia mpaka chakula kimenishinda.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimeazima kamera. Bwana Devendra hajui kwamba ameniazima. Lakini kesho studio imefungwa, na kamera kukaa bure si vizuri kwa afya yake.

Jumapili, 12 Agosti
Ushindi! Dansi lilianza saa tisa alasiri. Bawabu aliniuliza natoka gazeti gani. Nikasema la kesho. Alifikiri kidogo, akafungua mlango.

Kila Ignasi aliponyanyua kamera, mimi nilipiga goti mbele yake. Mara ya nne aliniita mbuzi. Sikujali. Nilisikia upepo nyuma ya suruali, nikadhani ni feni. Mzee Shomari alipopiga wimbo wa mwisho, watu waliacha kucheza wakasimama tu. Nilimpiga picha nane huku machozi yananitoka. Sijawahi kufurahi namna hii.

Jumatatu, 13 Agosti
Siwezi kuandika. Naandika.

Asubuhi niliirudisha kamera mahali pake kabla Bwana Devendra hajafika. Filamu nilimwachia Bi Kijakazi, mwenye nyumba wangu, ambaye pia hunifulia nguo. Nilimweleza kwamba Marcelino, rafiki yangu anayesafisha picha katika duka moja kule Posta, atapita kuichukua. Nikasisitiza filamu isafishwe leo leo.

Jioni nimerudi. Uani, kwenye kamba, kati ya kaptura yangu na kanga yake, inaning'inia filamu. Imebanwa kwa vibanio. Inang'aa! Unaona mpaka ukuta wa jirani.

Marcelino hakutokea. Bi Kijakazi akaona nitaharibikiwa, akaisafisha mwenyewe. Alisema ilikuwa na uchafu wa kijivu uliogoma kabisa, mpaka akatumia maji ya moto na sabuni ya mche. Akaniomba radhi kwamba imejikunja kidogo pembeni.

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Kisha nikaingia chumbani, nikalia kama mtoto.

Jumanne, 14 Agosti
Mpango: kumwambia Mzee Shomari kwamba picha zimetangulia Lindi kwa posta. Safi sana. Nilirudia maneno njia nzima.

Akafungua mlango. Tarumbeta lilikuwa limeshafungwa ndani ya shuka. Nikamwambia kweli yote, hadi sabuni. Hakunigombeza. Alisema basi, atampigia Mboni tarumbeta lenyewe, aamini kwa masikio. Lakini alisema huku anatazama sakafu. Ni heri angenitukana.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Ignasi. Nikapiga goti tena, safari hii kwa heshima. Alicheka muda mrefu. Alisema amepiga picha kumi na mbili, kumi na moja ni kisogo changu. Akaniambia niende zangu.

Jumatano, 15 Agosti
Bandarini. Abiria wanapanda. Nani anakuja anakimbia na kiatu chake cha rangi mbili? Ignasi! Na bahasha.

Ile ya kumi na mbili. Mzee Shomari yuko katikati, tarumbeta juu, mashavu yamejaa, kila kidole kinaonekana. Chini yake, mbele kabisa, kubwa kuliko ngoma, ni suruali yangu imepasuka, na mimi ndani yake. Haikuwa feni.

Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. Kisha akalia. Alisema sasa Mboni ataamini, maana hakuna studio duniani ingepanga kitu kama kile. Akapanda meli ameibana kifuani. Mimi na Ignasi tulipunga mikono mpaka tukachoka. Nampenda Ignasi.

Jumapili, 19 Agosti
Simpendi Ignasi. Leo amenisukuma mbele ya Evarista, mwimbaji mpya wa bendi. Haidhuru. Bwana Devendra ameniazima kamera tena, bila habari, na nimempiga Evarista picha nane ambazo zitamwaibisha Ignasi mji mzima.

Kesho Marcelino atapita kuchukua filamu. Safari hii nimekuwa mwerevu. Nimemweleza Bi Kijakazi pole pole, neno kwa neno: isiguse maji, isiguse sabuni, hata tone. Ameelewa kabisa. Amesema nisiwe na wasiwasi, hatailowesha. Ataipiga pasi tu, maana ile ya kwanza ilijikunja.

Nalala raha mustarehe.